Fidia ya mikorosho nayo ni suala la Katiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kauli moja iliyotamkwa kwenye mkutano wa kijiji huku kwetu Mtama, mkoani Lindi, ambayo hadi leo haijanitoka kichwani. Bibi mmoja jirani yangu alisimama kuulizia fidia ya mikorosho yake, iliyohesabiwa na kupigwa namba kwa rangi nyekundu ili kupisha mradi wa umma. Alipoongeza kwamba amesikia redioni kuwa mali ya mtu inalindwa na Katiba, ofisa aliyetoka mjini (simtaji yeye wala ofisi yake, kwa kuwa sikukusudia kumshitaki mtu gazetini) alimjibu kwa upole kabisa: "Bibi, mambo ya Katiba ni ya Dodoma. Hapa tunazungumzia mikorosho." Watu walicheka, bibi akakaa, na mkutano ukaendelea na ajenda ya madawati.

Nilifundisha Uraia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninakiri kuwa jibu lile lilinichoma kwa sababu sisi walimu tuna mkono wetu ndani yake. Tuliwakaririsha watoto haki za binadamu jinsi tulivyowakaririsha mito na milima. Mtihani ukisema taja haki tano za msingi, mtoto alitaja tano, akapata alama zake zote, akaenda zake. Swali la pili hatukuliuliza kamwe: kila haki hiyo inadaiwa kwa nani? Muuza duka yeyote hapa Mtama atakuambia kwamba deni lililoandikwa daftarini bila jina la mdaiwa ni wino uliopotea bure.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inamtaja mdaiwa huyo bila kuficha. Ibara ya 8 inasema kwamba Serikali inapata madaraka yake kutoka kwa wananchi, kwamba lengo lake kuu ni ustawi wao, na kwamba itawajibika kwao. Ibara ya 9 inaagiza heshima ya binadamu idumishwe kwa kufuata Tangazo la Dunia kuhusu Haki za Binadamu, lile la mwaka 1948. Kisha zinafuata ibara za haki zenyewe, kuanzia ya 12 hadi ya 24, na hiyo ya 24 ndiyo ya bibi yule: kila mtu anayo haki ya kumiliki mali na kupata hifadhi ya mali yake, na hairuhusiwi kumnyang'anya mtu mali hiyo isipokuwa kwa idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Serikali za mitaa nazo zimo ndani ya Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 145 na ya 146, kwa hiyo mtu anayeketi nyuma ya meza ya halmashauri na mhuri mkononi hawezi kusema kwamba Katiba ni habari ya wengine.

Huenda ofisa wetu aliamini kwamba neno mali katika Katiba lina maana ya majumba na viwanja vyenye hati, na kwamba shamba la kurithi kutoka kwa wajomba halimo. Hilo lilikwisha amuliwa. Mwaka 1992 ilitungwa sheria iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, bila fidia, na ikawafungia wahusika mlango wa mahakama. Baba mmoja na mwanawe kutoka mkoani Arusha walikwenda mahakamani kuipinga, na katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua mwaka 1994 kwamba haki ya kimila ya kumiliki ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kwamba kuiondoa bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Kwa lugha ya huku kwetu, mkorosho uliopandwa na marehemu mjomba kwenye shamba lisilo na karatasi hata moja ni mali ya kikatiba sawa na ghorofa la Kariakoo.

Niseme mapema kwamba sipingi mradi. Ibara ya 30 yenyewe inakubali kwamba haki za mtu zina mipaka, na inataja waziwazi mipango ya miji na vijiji pamoja na maendeleo ya madini miongoni mwa sababu ambazo sheria inaweza kuzingatia kwa manufaa ya umma. Wakazi wa Lindi na Mtwara, ambao gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay inachimbwa miguuni mwao, hawahitaji kufundishwa maana ya mradi wa taifa. Ninachosema ni kwamba Katiba, kwa kuipa dola mamlaka ya kuchukua, imeipa papo hapo mzigo wa kulipa, na vitu hivi viwili vimefungwa kwa kamba moja. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinadai fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, na kanuni zilizotungwa mwaka 2001 chini yake zinaweka miezi sita, muda ambao ukipita riba huanza kuhesabiwa.

Sasa turudi shambani. Bibi ameniletea nakala ya fomu yake, karatasi iliyokunjwa mara nne na kutunzwa kwenye fundo la kanga hadi mikunjo yake imeanza kuchanika. Upande wa chini lipo dole gumba lake kwa wino wa zambarau, na juu yake idadi ya mikorosho imefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu nyingine, bila saini ya mtu yeyote pembeni. Aliambiwa asiendeleze chochote baada ya kuhesabiwa. Yeye, kwa utii wa kizazi chake, alielewa kwamba haruhusiwi hata kupalilia wala kupuliza dawa ya salfa, na misimu miwili imepita hivyo. Anayeujua mkorosho anajua ugonjwa wa ubwiri unga unavyoufanya uonekane ukikosa dawa wakati wa maua: kitawi kinanyauka kama kimemwagiwa majivu, na kwenye mnada mwenye shamba anakuwa mtazamaji. Kwa hiyo mikorosho ile haijachukuliwa, haijalipiwa, na wala haimlishi. Hakuna aliyemnyang'anya kitu kwa nguvu, na bado mali yake imeshatoka mikononi mwake.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Wengi wetu tukisikia kwamba dola imevunja haki za binadamu tunafikiria virungu na mahabusu, na ni kweli Katiba inayakataza mateso katika ibara ya 13. Lakini wajibu wa dola una pande mbili. Upande mmoja ni kujizuia, yaani isipige, isiteke, isipore. Upande wa pili ni kutenda, yaani ijibu, ilipe, imlinde mnyonge asidhulumiwe na mwingine. Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949, iliyoandikwa na watu waliokwisha kuona dola inaweza kufika wapi, inayasema yote mawili katika ibara yake ya kwanza: kuiheshimu na kuilinda hadhi ya binadamu ni wajibu wa mamlaka yote ya nchi. Majirani zetu wa Kenya waliandika katika ibara ya 21 ya Katiba yao ya mwaka 2010 kwamba serikali na kila chombo chake kina wajibu wa kuheshimu, kulinda, kukuza na kutimiza haki, na katika ibara ya 43 wakaingiza afya, makazi, chakula na maji. Faili lililolala kwenye kabati misimu miwili halijampiga mtu kofi, lakini upande ule wa pili wa wajibu limekwisha kuuvunja.

Katiba yetu haijafika huko, na sioni sababu ya kuipaka mafuta. Mwaka 1961 viongozi waliotuletea uhuru walikataa kuweka orodha ya haki ndani ya Katiba, wakihofia kwamba mahakama ingetumika kuzuia mabadiliko. Haki hizo ziliingia kwa mabadiliko ya mwaka 1984, yaliyoanza kutumika Machi 1985, na hata hapo Serikali ilipewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake, hivi kwamba mwananchi aliweza kuzidai mahakamani kuanzia Machi 1988 tu. Aidha, haki ya kujipatia elimu imewekwa katika ibara ya 11, ndani ya sehemu ambayo ibara ya 7 inasema haiwezi kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Ni ahadi ambayo aliyeitoa amejiandikia kwamba hashitakiwi akiivunja. Bahati ya bibi ni kwamba mali iko upande wa pili wa ukuta huo.

Ibara ya 30 inamruhusu mtu anayeona haki yake imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa afungue shauri Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu ya kanda yetu iko Mtwara. Majaji wetu, kwa haki yao, wamepigania mlango huo ubaki wazi. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilitupilia mbali sharti la kuomba kwanza ridhaa ya Serikali kabla ya kuishitaki; mwaka 2002, katika shauri la Ndyanabo, iliondoa sharti la kuweka shilingi milioni 5 ili kupinga matokeo ya uchaguzi. Hata hivyo, anayetaka kuishitaki Serikali bado hutoa notisi ya siku 90, na baada ya hapo bibi wa Mtama atapanda basi hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, angoje lingine la Mtwara, amtafute wakili, arudi, aitwe tena. Nauli hiyo ingetoka kwenye korosho ambazo hakuvuna. Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyowekwa na ibara ya 129, yenye ofisi Lindi, ambako malalamiko hupokelewa bila malipo, na huko nimekubali kumsindikiza.

Lakini sitaki mahakama na Tume vigeuzwe kuwa jibu la ofisa yule. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua, katika shauri la Irene Grootboom na wenzake waliokuwa wakilala uwanjani, kwamba mpango wa makazi wa serikali ulikiuka Katiba kwa kuwasahau wenye shida kubwa kuliko wote. Uamuzi huo unafundishwa katika vyuo vikuu duniani kote. Mama Grootboom alifariki mwaka 2008, nyumba hajaipata. Wajibu wa kikatiba uliosubiri hukumu ili uanze kutekelezwa umekwisha kuchelewa, na hukumu iliyosubiri ofisa aamke inachelewa zaidi.

Nimeambiwa, na watu ninaowaheshimu, kwamba Serikali haina fedha za kumlipa kila mtu kwa mkupuo. Nalikubali hilo. Kumjulisha bibi kwa maandishi kwamba fedha hazijafika, kwamba namba iliyofutwa ilifutwa na fulani kwa sababu fulani, na kwamba wakati anasubiri anaruhusiwa kuihudumia mikorosho yake, kunagharimu karatasi moja na mhuri. Ofisa akiandika barua hiyo atakuwa ametekeleza Katiba pale pale mezani pake.

Msimu wa kupuliza umekaribia na mikorosho itaanza kuchanua. Juzi bibi alikuja barazani kwangu na karatasi yake akaniuliza: "Mwalimu, mwaka huu nipulize au nisipulize?" Nilishindwa kumjibu. Kupitia gazeti lako, Ndugu Mhariri, ninaiomba ofisi inayohusika imjibu yeye, kwa maandishi na kwa tarehe.

Mwalimu mstaafu,
Mtama, Lindi