Mwanangu, sifuri unaiweka wapi?

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Karatasi yako ya mtihani wa majaribio aliniletea mjomba wako, nimeisoma yote. Maumbo umeyapata vizuri mno, nimemwonesha kila aliyepita barazani. Lakini swali la mistari nyoofu limeninyima usingizi, na mtihani wa Kidato cha Nne ndio huo unakuja.

Umeulizwa mstari wa 3x + 2y = 12 unakata wapi mhimili wa y, ule uliosimama, ukaandika 12. Kwa nini 12? Kwa sababu umeiona imekaa peke yake. Ile c ya y = mx + c, yaani pale mstari unapokata mhimili wa y, haisomwi mpaka y ibaki peke yake upande mmoja, bila namba mbele yake. Hapa inakuwa y = 6 − 1.5x, basi jibu ni 6. Na kama hutaki kupangua, weka x sifuri: 2y = 12, y ni 6. Halafu weka y sifuri: 3x = 12, x ni 4. Una nukta (0, 6) na (4, 0), shika rula uunganishe.

Sifuri, mwanangu! Ukitafuta mhimili wa y, anayepewa sifuri ni x. Wewe unageuza. Nukta iliyokaa kwenye mhimili wa y haijaenda kulia wala kushoto, sasa x yake itakuwa nini kama si sifuri? Na iliyokaa kwenye mhimili wa x, ule uliolala, haijapanda wala kushuka.

Chukua deni la duka. Mtu kakopa shilingi 12,000, kila siku analipa 2,000. Linalobaki ni y = 12,000 − 2,000x. Mstari unapokata mhimili wa y ni deni la siku aliyokopa. Unapokata mhimili wa x ni 6, siku ya sita hadaiwi tena. Ukigeuza sifuri, umemchanganyia mtu deni na siku.

Tena si kila mstari unakata kuwili. y = 4 umelala, mhimili wa x hauugusi. y = 3x unapita (0, 0), mihimili yote miwili hapo hapo, kwa hivyo tafuta nukta nyingine, kama (1, 3), ndipo uchore.

Baba yako anasema nikuache upumue. Akili unayo, ila haraka yako mimi siipendi. Ukimaliza wa mwanzo, rudi utazame sifuri umeiweka wapi.

Huku tunachambua karafuu, makonyo yamejaa ukumbini, na mvua haitupi nafasi ya kutandika majamvi. Bibi yako anakusalimu, anauliza kama unakula. Mjomba anakuja na boti ya Jumamosi, nimempa daftari la grafu na chupa ya achari. Chora mistari humo, kila mmoja uandike unakata wapi, umpe anirudishie. Na chupa pia irudi, ni ya bibi yako.

Mama yako