CC ndogo siyo dawa ya mafuta, wauza magari watupatie cheti cha Japan chenye kilomita za gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii habari ya gari za familia zisizokula mafuta, maana kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wanaodhibiti bei ya mafuta, wakitoa bei mpya, kazini kwetu inaanza stori ile ile, "nitafute kagari ka cc ndogo, yaani injini ndogo, nipumzike". Mi mwenyewe niliingia huko huko nikaumia, na kila nikimsikia mtu anasema hivyo roho inaniuma maana najua anakoelekea.

Nyumbani tuko wanne, mama yangu mzazi akija tunakuwa watano. Tunaishi Kibaha, mi na mama watoto tunafanya kazi maeneo ya Ubungo na watoto tunawashusha shule njiani, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama kilomita 60, ukipiga kwa siku 25 unapata kilomita 1,500 kwa mwezi kabla hujaenda msibani wala harusini. Tulikuwa na milioni kumi tuliyoikusanya kwa vikoba na kubana matumizi. Tukaenda yadi moja, tukaonyeshwa kagari ka cc 990, kasafi kweli kweli, rangi inang'aa, viti bado vina nailoni, dashibodi inasoma kilomita elfu 70 na kitu, muuzaji akatuambia hii ukiiwekea mafuta unasahau sheli. Tukalipa.

Mwezi wa kwanza nikasema labda ni foleni. Mwezi wa pili nikaanza kupima, najaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, narudisha tripu mita, ile inayohesabu kilomita za safari, kwenye sifuri, naendesha mpaka ikaribie taa, narudi sheli ile ile pampu ile ile najaza tena mpaka ijikate, alafu nagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Nikapata kilomita 10 kwa lita. Nikarudia, 10 na nukta kidogo. Gari ya cc 990! Jirani yangu ana Probox ya cc 1500, anabebea mizigo kila siku, nikamwomba apime vile vile, yeye akapata karibu 14.

Naomba wasomaji waione hiyo tofauti kwa hela. Kilomita 1,500 kwa gari inayotembea 10 kwa lita ni lita 150, kwa inayotembea 14 ni lita 107. Hizo lita 43 za katikati, lita moja ukiihesabu elfu tatu, ni 129,000 kila mwezi, kwa mwaka milioni moja na nusu. Kwangu hiyo ni ada ya mtoto. Na tukumbuke ile road license tuliyokuwa tunalipa kwa mwaka ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari inayokunywa hovyo inakulipisha na hilo pia kila ukisimama sheli.

Nilizunguka mafundi watatu. Wa kwanza akabadilisha plagi, wa pili akasafisha nozeli, hela inaenda tu. Wa tatu, mzee mmoja mtulivu, hakushika spana kabisa mwanzoni, aliwasha gari akakaa anaangalia mshale wa temprecha, tukaenda nayo raundi moja mpaka Maili Moja tukarudi, mshale haujafika katikati. Akafungua akakuta themostati, kile kifaa kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, haipo, ilishatolewa. Hii ni tabia ya gereji nyingi huku kwetu, gari ikichemsha kidogo wanang'oa themostati wanasema nchi ya joto haihitaji, kumbe injini ikibaki ya baridi kompyuta ya gari inaona kama ndo kwanza imewashwa asubuhi, inaongeza mafuta muda wote, na injini yenyewe inalika mapema. Alafu oksijeni sensa, inayoisaidia kompyuta kupima mafuta, ilikuwa imekufa, na kalipa, ile inayobana breki, ya tairi la nyuma imeganda, yaani gari ilikuwa inatembea imeshikwa breki kidogo kidogo. Nikamuuliza mbona taa ya cheki injini haijawahi kuwaka? Akaniambia zungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa zote zinatakiwa kuwaka. Zote zikawaka isipokuwa hiyo. Mtu alishaizima kwa makusudi kabla sijainunua.

Kwa hiyo Mhariri mi nasema hivi, gari used jina lake na cc zake zinakuambia ilivyokuwa ilipotoka kiwandani, lakini mafuta itakayokula leo yanategemea ilivyotunzwa. Zile namba za kilomita 20 kwa lita mnazoziona kwenye matangazo ya magari ya Japan zilipimwa maabara, gari jipya, haina mama mzazi na magunia ya mahindi nyuma, haina foleni ya Kimara wala AC iliyowashwa.

Na hata gari ikiwa nzima, cc ndogo siyo lazima iwe nafuu kwa familia. Injini ya cc 1000 ya silinda tatu ukiwa peke yako mjini ni nzuri sana siibezi, ila ukiipakia watu watano na mizigo kwenye mlima inabidi uikanyage mpaka mwisho, gia zinashuka, inapiga kelele na mafuta yanaenda. Cc 1500 mlima ule ule inapanda bila kulia. Watu wanaogopa ushuru, lakini kwa wanaoagiza wenyewe, ushuru wa bidhaa kwa cc ni asilimia 0 mpaka cc 1000, alafu kuanzia 1001 mpaka 2000 ni asilimia 5, maana yake ya cc 1300 na ya 1500 ziko kundi moja. Kinachouma zaidi ni umri, gari ya kutembelea ikiwa na miaka 8 mpaka 10 unaongezewa asilimia 15, ikizidi miaka 10 asilimia 30. Wenzetu Kenya iliyozidi miaka 8 hawairuhusu kabisa kuingia, sisi tunaruhusiwa ila tunailipia. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, uone mwenyewe kabla hujamtumia mtu hela.

Ile ndogo niliiuza baada ya kuitengeneza, na niliyemuuzia nilimwambia kila kitu, nikapata hasara lakini nalala. Sasa hivi tuna Raum, cc 1500, namba ya usajili ya herufi D, milango ya nyuma ya kusukuma ambayo mama anaingia bila kuumia goti. Injini yake ni 1NZ, ile ile iliyoko kwenye IST za 1500, Probox, Spacio za 1500 na Sienta, kwa hiyo spea Ilala na Kariakoo hazikusumbui na hakuna fundi asiyeijua. Familia kubwa kidogo ningewaambia waangalie Sienta maana ina siti za safu tatu. Raum yetu nimeipima mara nne sasa, inacheza 12 na nusu mpaka 13 na nusu kwa njia ile ile. Upepo wa matairi nauweka kama ulivyoandikwa kwenye ile stika ya mlango wa dereva, siyo kwa kubonyeza na kidole.

Ombi langu ni hili, na ndo sababu hasa ya barua. Kila gari inayotoka Japan inakuja na cheti cha kuondolewa kwenye usajili ili isafirishwe, na humo imeandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wao wa serikali kule. Ni miongoni mwa karatasi zinazotumika kulitoa gari bandarini, kwa hiyo haiwezekani mwenye yadi akasema hajawahi kuiona. Lakini mnunuzi hapewi, anapewa kadi ya gari na maneno. Nilipokuja kuipata kopi ya ile gari yangu ya kwanza, kwa kuhangaika, ilikuwa na kilomita elfu 138. Dashibodi yangu ilisoma elfu 70! Naomba wahusika wa sheria za biashara walifanye kuwa lazima, gari inapouzwa mara ya kwanza hapa nchini mnunuzi akabidhiwe kopi ya hicho cheti pamoja na kadi, na akiuza na yeye aikabidhi kwa anayefuata. Haigharimu kitu, ni kutoa kopi tu.

Mdogo wangu yuko Chalinze, ananunua gari mwisho wa mwezi huu kwa hela ya kiinua mgongo cha baba. Nimeshampigia dalali wake nikamwambia tunakuja na yule mzee fundi, tutaiwasha ikiwa ya baridi, na kopi ya cheti tuikute mezani kabla ya hela.

Mkazi wa Kibaha, Pwani