RISALA YA WAZAZI WA WATOTO WENYE MAGONJWA YA KUDUMU, TORORO, KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwalimu mkuu, wazazi wenzetu na watoto wetu wapendwa,

Karibu Tororo. Tunajua una safari nyingine leo, kwa hiyo historia tutaipitia mbio: tulianza wazazi 7, leo tunalea watoto 60 wenye selimundu, pumu na kisukari. Mafanikio ni makubwa mno: filimbi 2, mipira 4 na kamba za kuruka.

Mazoezi ni saa moja, mara 3 kwa wiki, na dakika 10 za kwanza ni za kupasha mwili joto. Mwenye pumu huvuta dawa yake robo saa kabla ya kukimbia. Mwenye kisukari hupimwa sukari ya damu; mashine ikisoma chini ya 5 (mmol/L), hunywa kwanza maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari. Hayo tunayamudu.

Tusilolimudu, Mheshimiwa, ni maji. Figo za mtoto wa selimundu hazishiki maji. Hukojoa sana hata akiwa na kiu. Maji yakipungua mwilini, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na maumivu huanza. Ndiyo maana kila mtoto hunywa mililita 200 kabla ya kuanza, kisha 150 kila baada ya dakika 20. Kwa watoto 60 ni jerikeni 2 za lita 20, iwapo halimwagiki hata tone. Watoto humwaga. Tena wakati wa kiangazi, kwa foleni ya kisimani, jerikeni la pili hufika mazoezi yamekwisha.

Utuwie radhi kwa kukumbusha. Mgeni aliyekutangulia, kwa moyo mkunjufu, alituahidi tangi la lita 10,000. Aliyemtangulia yeye aliahidi pia, na makofi tulipiga yaleyale. Kitako cha matofali na saruji tulishakijenga, kipana kwa kipimo cha tangi hilo. Mbuzi wa jirani wanakipenda, ndipo wanapolala.

Hatuombi lita 10,000. Kwa wiki 12 za kiangazi tunahitaji lita 1,440 za kunywa, hivyo tangi la lita 2,000 linatosha, mradi lifike. Tuongezewe mifereji ya bati mita 12, na bomba la kumwaga maji ya mwanzo ya mvua, yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kuchemsha tutachemsha wenyewe.

Mvua za Machi haziko mbali. Tunaomba, kwa heshima zote, utaje tarehe leo hapa mbele ya watoto. Katibu ameshafungua daftari.

Tunaomba kuwasilisha.