Asante dada wa kwenye foleni ya kliniki, Mbagala

Dada uliyevaa dera la bluu, foleni ilinipa bahati ya kukaa karibu nawe. Jina sikulipata, Mungu analijua. Sikio la mwanangu lilikuwa linatoa usaha tena. Ulinionyesha namna ya kulikausha: kitambaa safi cha pamba unakisokota kama utambi, unakiingiza taratibu, kikilowa unakitoa unaweka kingine, mpaka kitoke kikavu. Angalau mara tatu kwa siku, na usikiache humo. Ukanikataza kutia sikioni mafuta au maziwa ya mama (mitaani kwetu kila mtu anashauri hayo, jamani), na ukasisitiza dozi niimalize hata homa ikishuka.

Ukanieleza kuwa kwa watoto mrija unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua ni mfupi na umelala, ndiyo maana mafua hayakawii kupanda. Nisimpe chupa akiwa amelala chali, na moshi wa jiko la mkaa umkae mbali.

Daktari naye akayasema hayohayo. Sasa sikio limekauka, mtoto anaitika nikimwita kwa sauti ya chini. Dada yangu, asante sana. Allah akuzidishie.