Vidoto vya kahawia chini ya jani la kangaga si ugonjwa

Wateja wetu wengi hututumia picha ya aina moja kwa wasapu: jani la kangaga limegeuzwa, na upande wa chini kumejaa vidoto vya kahawia. Wanauliza wapulizie dawa gani. Tafadhali usipulizie chochote kwanza. Mara nyingi picha hizo ni za mmea wenye afya kabisa, uliokomaa na ulio tayari kuzaa.

Kangaga halitoi ua, tunda wala mbegu. Linazaa kwa spora, ungaunga laini unaotengenezwa ndani ya vidoto hivyo. Kwenye kangaga la Boston, lile linaloning'inizwa barazani, vidoto hufuata kingo za kila kijijani, kulia na kushoto. Kwenye kangaga la kiota, lenye majani mapana yasiyochanika, utaona mistari ya kahawia iliyolala sambamba kutoka mshipa wa kati. Angalia mpangilio huo. Wadudu gamba hukaa ovyo, juu ya jani, chini yake, hata kwenye kikonyo. Ukiwakwangua kwa ukucha wanabanduka mmoja mmoja, jani linanata, na sisimizi hawakosi. Hao wafute kwa kitambaa chenye maji, maana majani ya kangaga huunguzwa upesi na dawa kali.

Spora ikiangukia penye unyevu haioti kangaga moja kwa moja, na hapa ndipo penye utamu. Kwanza hutoka kijimea bapa cha kijani chenye umbo la moyo, ambacho kwa kawaida hakifiki hata sentimita moja, na hakina shina wala mizizi ya kweli. Upande wake wa chini hutengeneza mbegu za kiume na mayai. Mbegu hizo lazima ziogelee kulifikia yai, kwa hiyo pasipo na utando wa maji hakuna kinachotungwa. Ndiyo maana makangaga yamejaa kwenye misitu yenye ukungu ya Usambara na Uluguru, na hapa mjini hujiotea kwenye nyufa za kuta zenye unyevu. Yai likishatungwa, kangaga dogo huchomoza juu ya kijimea kile, nacho hunyauka. Majani yanayofuata hutoka ncha zikiwa zimejiviringa, kisha hukunjuka taratibu. Usiyashike yakiwa hivyo, yanavunjika.

Safari hiyo ni ya miezi mingi, na ndiyo sababu kangaga la kiota, lisilogawanyika kirahisi, bei yake iko juu.

La Boston ni rahisi zaidi. Spora zake kwa kawaida hazioti, lakini hutoa nyuzi ndefu zinazotambaa, na pale uzi unapogusa udongo huota mche. Ukishika mizizi, kata uzi, uhamishie kwenye chungu chenye mboji na makumbi ya nazi yaliyosagwa. Masika ndiyo wakati wake. Uweke kivulini, mbali na kiyoyozi, na ukiweza umwagilie maji ya mvua, kwa sababu visima vingi vya Dar vina chumvi na chumvi huunguza ncha za majani.

Ukiwa bado na shaka, tutumie picha mbili: ya chini ya jani, na ya kikonyo kwa karibu. Tutakuambia ni spora au ni wadudu kabla hujanunua dawa.