Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka 2023

Wababa, wamama na vijana wa chama, jambo kwenu.

Hesabu ya mikutano na michango atawasomea katibu pamoja na mhazini. Mimi nitasema juu ya ziwa letu, Kivu, na ufuko wake hapa Bukavu.

Kwa muda mrefu kazi yetu ilikuwa kukimbizana na kuta zinazojengwa majini. Lori za Fuso zinamwaga mawe usiku, asubuhi tunaandika barua kwa burugumesta, mkuu wa komini ya Ibanda, barua inapanda kwa meya wa mji, na ikishuka simenti imekwisha kukauka. Mwaka huu kamati iliamua kuishika sheria yenyewe: tuliandika mswada wa sheria ya jimbo letu la Kivu Kusini juu ya ufuko.

Si kwamba nchi haina sheria. Ile ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali na hauwezi kuuzwa. Raia anapewa konsesyo tu, yaani haki ya kuutumia. Sheria ya mazingira namba 11/009, ya Julai 9, 2011, inadai uchunguzi wa athari ufanyike kabla ya mradi unaoweza kudhuru mazingira. Tulipofika ofisini tukauliza swali la fundi: mita za kuacha kando ya ziwa zinaanza kuhesabiwa wapi? Kila mlango ulikuwa na jibu lake.

Hapo ndipo wajenzi wanapopitia. Mwenye kiwanja anamwaga mawe majini, anashindilia udongo juu, ziwa linasogea, naye anahesabu mita zake upya kuanzia pale alipolisukuma. Akija mtu wa kadastra, ofisi ya kupima viwanja, na futikamba, kila kitu kiko sawa! Tulikwenda kutazama mahali pamoja kwenye rasi zetu. Mtaro wa mvua uliokuwa ukiingia ziwani sasa unagonga ukuta, na maji yanarudi juu kwenye nyumba za watu yakibeba chupa na masufuria mabovu. Mawe ya chini ya ukuta yalikuwa makavu ya rangi, hayana hata ule utelezi wa kijani ulioko kwa jirani. Hakuhitajika mtaalamu kutuambia ni ya juzi.

Kwa hiyo moyo wa mswada wetu ni kifungu cha pili. Kinasema mita zihesabiwe kuanzia pale maji yanapofika yakijaa sana, kabla ya mtu yeyote kujaza kitu. Mstari huo uwekewe alama za zege. Na kila kipande kilichopatikana kwa kujaza ziwa kibaki cha Serikali hata kama kina hati. Vifungu vingine mnaweza kuvibadilisha mnavyotaka. Hicho, ninawaomba, msikiguse.

Juu ya idadi ya mita tulibishana sana. Ng'ambo, kwa wenzetu wa Rwanda, ni 50. Tanzania, katika sheria yake ya mazingira ya 2004, iliweka 60. Wengine walitaka tuchukue 50 kama ilivyo, lakini anayezijua rasi za Bukavu anajua kuna mahali ukiacha 50 kila upande hubaki na barabara tu. Tuliandika 20 ndani ya mji, na 50 kuelekea Kabare na Kalehe ambako nafasi bado ipo. Wavuvi walituunga mkono upesi kuliko wote, maana sambaza wachanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hukulia karibu na ufuko.

Kwa nini jimbo na si Kinshasa? Kwa sababu kifungu cha 203 cha Katiba kinaweka ulinzi wa mazingira kati ya mambo yanayoshughulikiwa na taifa na majimbo kwa pamoja. Sisi hatuwezi kuweka mswada mezani; lazima mbunge wa jimbo au serikali ya jimbo iubebe. Haki yetu ni ombi la maandishi, kifungu cha 27, nasi tumelipeleka. Baadhi ya waheshimiwa walitupokea vizuri, hasa tulipowaeleza kwamba takataka za ufuko wetu huteremka na Ruzizi hadi kwenye bwawa la umeme. Shida ya kukosa umeme kila mtu anaielewa. Kisha kampeni ikaanza, simu zikanyamaza, na baada ya uchaguzi wa Desemba 20 itabidi tuanze na sura mpya.

Mwezi Mei, baada ya mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe, yaliyoua watu zaidi ya 400, nilishauriwa tuutaje msiba ule katika ombi letu. Nilikataa, na ningekataa tena. Maji yale yalitoka mlimani. Mita zetu za ufuko zisingeyazuia. Tulipeleka mchango wetu kwa walioachwa bila kitu.

Liko jambo moja kamati haikulimaliza. Wako kati yetu wenye nyumba ndani ya hizo mita 20, wengine wamerithi kwa wazazi. Maoni yangu ni kwamba nyumba ya zamani isibomolewe, ila isiongezwe wala isijengwe upya ikianguka. Najua hili halimfurahishi kila mmoja, na mkutano mkuu ndio utakaopiga kura.

Kabla ya hapo, yeyote mwenye picha ya zamani ya ufuko, ya harusi, ya ubatizo au ya watoto wakiogelea, aipeleke kwa katibu, aandike nyuma mwaka na avenyu. Tutazinakili na kuwarudishia zenu. Bila picha hizo, mstari wa kifungu cha pili utachorwa na wenye Fuso.

Mwenyekiti,
Bukavu, Januari 2024