Barua kwa mdogo wangu anayesomea uhandisi

Mdogo wangu,

Ulipokuja huku Minneapolis, Marekani, uliniuliza kwa nini tukifika daraja la barabara kuu ya I-35W nazima redio ya gari. Nilisema nitakueleza nyumbani, na nyumbani tukakuta wageni wamejaa. Sasa uko mwaka wa mwisho, deni hilo nalilipa hapa hadharani, maana wenzako pia linawahusu.

Daraja tulilopita ni jipya. Lile la kwanza lilifunguliwa mwaka 1967 juu ya mto Mississippi. Tarehe 1 Agosti 2007, saa 12 na dakika 5 jioni, watu wakitoka kazini, lilianguka mtoni. Walikufa watu 13, wakaumia 145. Basi lililojaa watoto lilibaki limeegemea kizuizi cha pembeni, na wote wakatoka hai. Alhamdulillahi.

Sote tulidhani ni kutu. Ripoti ya uchunguzi ilipotoka mwaka 2008, tukaambiwa ni mabamba. Unaijua kenchi ya paa, fundi anavyobana mbao zinapokutana? Daraja lile lilikuwa kenchi ya chuma, na viungo vyake vilibanwa kwa mabamba. Baadhi yalikuwa na unene wa nusu inchi, kama nusu tu ya uliohitajika. Hesabu ilikosewa tangu kwenye usanifu, miaka ya 1960, na daraja likabeba kosa hilo miaka 40. Katikati hapo likaongezwa zege juu, uzito ukapanda. Jioni ile kulikuwa na ukarabati: mchanga, kokoto na mashine vimerundikwa karibu na viungo hivyo hivyo dhaifu.

Kinachoniuma zaidi ni picha. Zilipigwa mwaka 2003, na bamba linaonekana wazi limepinda. Wakaguzi walilipanda daraja lile mwaka hadi mwaka wakitafuta kutu na nyufa, lakini hesabu ya mabamba haikurudiwa, kwa sababu iliaminika kwamba bamba siku zote lina nguvu kuliko vyuma linavyoviunganisha.

Sasa, michoro ya daraja la mradi wako uliyonitumia nimeichapisha, iko mezani. Ni mizuri, nimemwonyesha kila aliyeingia humu ndani. Ila kwenye viungo umeandika tu: "kama kawaida". Kabla hujaiwasilisha, nakuomba unitumie hesabu ya viungo hivyo, kimoja kimoja. Sitaielewa yote. Nitumie hivyo hivyo.

Kaka yako.